Kilo Sabini

Saa kumi na nusu za jioni Hussein alimrushia Thadeus ufunguo wa pikapu. Ufunguo ulitua kwenye kiganja cha kulia, ukateleza, ukaanguka juu ya oili iliyomwagika.

"Siku hizi hata kudaka hujui, fundi," Hussein alisema. Alicheka, lakini macho yake hayakucheka.

Thadeus aliinama akauokota. Ilibidi autazame ndipo ajue kwamba ameushika.

Ilikuwa Julai ya mwaka tisini na tatu, miaka ile ya ruksa, ambapo mtu mwenye ndugu Dubai alilala hana kitu akaamka na yadi ya magari. Hussein alikuwa na yadi yake hapo Moshi mjini, na siku hiyo ndani yake kulikuwa na mnyama. Pikapu mpya kabisa, nyeupe, magurudumu mawili mawili nyuma, springi nene kama za lori, viti bado vimevaa nailoni. Vijana wa pale walishaibatiza Kifaru kabla haijapata hata namba. Mnunuzi alikuwa Mzee Ebenezeri, mfanyabiashara wa ndizi huko Kilema, ambaye angepakia mikungu chini na akina mama wa sokoni juu yake, ateremke nao mlima mara mbili kwa wiki. Alikuwa ametoa sharti moja tu: Thadeus aijaribu kwanza.

Kwa miaka kumi na tano watu wa Moshi waliyaamini makalio ya Thadeus kuliko karatasi za kiwandani. Ndiyo, makalio, na hakuna aibu hapo. Alikuwa akikaa kwenye gari, analipandisha Marangu na mzigo, analirudisha, halafu anakuambia beringi ya nyuma kushoto inakufa, au breki inashika upande mmoja. Hakuwa akifungua hata nati moja. Alihisi tu, kwa viganja, nyayo na mgongo.

Sasa hahisi kitu.

Ganzi ilianza Machi kwenye kiganja cha kulia. Ikapanda kwenye kifundo, ikahamia mkono wa pili, ikashuka miguuni. Mwezi Mei ilifika kwenye ulimi, chai na maji vikawa kitu kimoja. Hospitali walimchoma sindano kwenye vidole, akawaangalia wanavyochoma kana kwamba vidole ni vya mtu mwingine. Hawakuona ugonjwa. Aliyejua ni mkewe Monica peke yake, kwa sababu Monica ndiye aliyenusa nyama ikiungua jikoni, akaja akakuta ni mkono wa mumewe umeegemea sufuria.

Kazini alidanganya. Magari manne aliyapitisha kwa kubahatisha, akisema "nzima" kwa sauti ileile ya zamani. La tatu lilirudi linavutwa na trekta.

"Hii usiniangushe," Hussein alisema, mkono ukiwa juu ya boneti. "Wale ni akina mama, Thadeus. Ukisema nzima, wanapanda."

"Nimesikia."

Na kweli alikuwa amesikia, maana masikio yalikuwa hayajafa ganzi.

*

Kabla ya kupanda mlima, gari lolote alilojaribu lilipita kwanza kwenye mzani wa ghala la kahawa, upande wa reli. Ni utaratibu wake mwenyewe: pima ukienda, pima ukirudi, ujue kama mzigo haukupungua njiani na kama gari halivuji. Mpimaji alikuwa Shida, mtu mfupi mwenye maneno mengi, aliyejuana naye tangu enzi za malori ya ushirika.

Mifuko ishirini ya saruji ilikuwa nyuma, imepangwa vizuri. Thadeus aliingiza pikapu kwenye bamba la chuma. Nailoni ya kiti ililia chini yake alipojisogeza. Mshale wa mzani ukatikisika, ukatulia.

"Tani tatu, mia tatu na ishirini," Shida alisoma kupitia kidirisha. Akaandika kwenye cheti chake. "Gari, saruji, na dereva kilo sabini. Wewe mtu hunenepi? Miaka yote sabini, sabini. Monica anakulisha nini?"

"Ndizi."

"Basi anakulisha maganda."

Siku nyingine Thadeus angemjibu, tena angemjibu vibaya. Siku hiyo alichukua cheti, akaondoka.

Alipita Kiboriloni, akafika Himo, akakunja kushoto kuanza kupanda. Ukungu wa Julai ulikuwa umeshashuka hadi kwenye migomba ya kwanza. Aliwasha taa. Mikono ilikuwa juu ya usukani, aliiona, ilikunja pale ilipotakiwa kukunja. Injini ilivuma vizuri. Hilo aliweza kulisema, kwamba injini inavuma vizuri, lakini hata mtoto angelisema.

Kilomita ya tatu kutoka Himo, injini ikabadilika.

Haikukohoa. Iliinamisha tu sauti, kama mtu aliyeongezewa gunia mgongoni. Thadeus akashusha gia. Alitazama kwenye kioo, akaona pikapu imeketi nyuma kuliko ilivyokuwa mjini.

Kisha paa likagongwa.

Pa-pa... pa.

Alikanyaga breki. Pikapu ikasimama katikati ya barabara. Kimya. Matone ya ukungu yalikuwa yakidondoka kwenye migomba, moja moja.

Kwenye magari ya mlimani, anayepanda nyuma hana njia nyingine ya kuzungumza na dereva isipokuwa kugonga paa. Mara mbili, simama. Mara moja, twende. Hivyo ndivyo wanavyogonga watu wote. Mtu aliyegonga mbili, akapumzika, kisha akaongeza moja nyepesi ya kidole, Thadeus alimjua mmoja tu maishani mwake. Aliwahi kumkaripia kwa ajili hiyo: "Hiyo ya tatu ni ya nini?" Na yeye akajibu, huku ananing'inia kwenye mlango wa lori la ushirika, kijana wa miaka kumi na tisa na meno yote nje: "Hiyo ni salamu, kaka."

Huyo alikuwa Sirili, mdogo wake, tumbo moja, na utingo wake kwa miaka sita.

Sirili walimzika mwezi Machi.

Thadeus alishuka. Akazunguka nyuma na tochi. Hakuna mtu. Alihesabu mifuko: ishirini. Ila mfuko wa juu kabisa, ule uliogusana na kioo cha nyuma, ulikuwa umebonyea katikati. Vumbi la saruji juu yake lilikuwa limefutika sehemu mbili, duara na duara, kama pale mtu anapokuwa ameketi.

Alisubiri woga uje. Alisimama pale barabarani akiusubiri, kama unavyomsubiri mgeni aliyesema atakuja. Haukuja. Kilichokuja ni wazo, nalo lilikuwa wazi kabisa: kama ni yeye, na aje nalo tena. Safari hii nitapokea.

*

Asiye wa mlimani aelezwe kidogo. Isale ni mmea wa majani marefu ya kijani. Tunaupanda kwenye mipaka ya kihamba, yaani shamba la ukoo, na tunaupanda juu ya makaburi. Mtu aliyekukosea akikuletea jani la isale mkononi, unalipokea. Hata kama alikuchomea nyumba, unalipokea kwanza, kisha mengine ndiyo yanazungumzwa. Kukataa isale ni jambo ambalo wazee wakilisikia wanainamisha vichwa na kuulizia habari za mvua.

Thadeus alikataa isale.

Januari ya mwaka huo alitaka njia ya gari kufika hadi mlangoni kwake. Njia haikutosha. Basi mchana mmoja, Sirili akiwa sokoni, aling'oa masale ya mpaka ambayo baba yao aliyapanda kwa mkono wake, akayahamishia hatua sita ndani ya upande wa mdogo wake. Hatua sita, na mibuni mitatu ndani yake. Sirili aliporudi alilia, kisha akapandwa na hasira. Mbele ya ukoo wote, na mbege, pombe yetu ya ndizi, ikiwa mezani, alimwita kaka yake mwizi.

Wazee wakasema mpaka utaangaliwa baadaye. Kwanza mdogo amemtukana mkubwa, na hilo lina utaratibu wake.

Ndipo Jumamosi moja jioni Sirili akaja mlangoni kwa Thadeus, amevaa koti lake la kaki, na jani la isale limefungwa fundo mkononi. Yeye aliyeibiwa ndiye aliyekuja kuomba msamaha. Alinyoosha mkono. "Kaka, pokea," alisema.

Thadeus alisimama mlangoni na mikono yake mfukoni.

Alimwacha tu mdogo wake amenyoosha mkono, mpaka mkono ukaanza kutetemeka, mpaka jani likaanza kutetemeka. Ruth, mke wa Sirili, alikuwa amesimama njiani akiona yote. Mwishowe Sirili alilaza isale kizingitini, akageuka. Thadeus akafunga mlango. Asubuhi jani halikuwepo, labda lililiwa na mbuzi.

Siku tisa baadaye Sirili alianguka kutoka kwenye mti wa mgrivea aliokuwa akiupogoa. Hakusema neno. Walimzika kihambani pake, hatua chache kutoka kwenye mpaka ule mpya, na kwenye kaburi wakapanda masale. Thadeus, kama mkubwa, alitangulia kutupa udongo. Alichota kwa mkono wa kulia. Akaona kwamba amechota, ila kiganjani hapakuwa na udongo wa baridi, wala mchanga, wala kitu.

Siku hiyo ndiyo ganzi ilianza. Huna haja ya kuwa mganga kuliunganisha hili na lile, na Thadeus hakuwa mjinga. Alikwenda kwa padre akaungama. Padre alimsamehe, na ganzi ikapanda kwenye kifundo. Msamaha wa padre alikuwa nao. Alioukosa ni ule uliokuja mlangoni kwake kwa miguu, na aliyeuleta alikuwa chini ya udongo.

*

Njia yake ya kujaribu magari huishia darajani Marangu Mtoni. Hapo hugeuza. Alipofika darajani, paa lilikuwa kimya. Alikunja usukani aanze kugeuza.

Pa-pa... pa.

Akaacha kugeuza. Akarudi barabarani, akapanda.

Kila njia panda aliyoifikia alipunguza mwendo, na kila alipoelekeza pua ya gari mahali pasipo, paa liligongwa. Alipoelekeza panapotakiwa, kimya. Baada ya njia panda ya pili hakuwa na haja ya kugongewa tena. Barabara ya vumbi, sasa ya matope, kati ya migomba na mfereji wa maji, aliijua tangu anachunga mbuzi. Walikuwa wanakwenda nyumbani.

Ilikuwa saa kumi na mbili na robo. Bado mwanga kidogo, mweupe, wa ndani ya ukungu. Harufu iliingia kwenye gari ingawa vioo vilikuwa vimefungwa. Harufu ya mgrivea mbichi, ule utomvu wa tawi lililotoka kukatwa. Nyuma yake, mbege. Na nyuma ya mbege, udongo uliofukuliwa.

Pua ilikuwa haijafa. Aliivuta harufu ile hadi kifuani. Alitaka kulia, akakuta hata kulia kunahitaji uso unaohisi.

"Sirili," alinong'ona. "Nyumbani pale pale?"

Pa. Moja tu. Twende.

Alisimama kwenye njia ya gari aliyoiiba mwenyewe, ile ya hatua sita. Kushoto nyumba yake ya zamani, imefungwa, maana yeye na Monica walihamia mjini. Kulia migomba ya Sirili, na ndani ya migomba weupe wa msalaba mpya. Aliacha injini ikinguruma. Akateremsha kioo.

Pikapu ikanyanyuka nyuma. Aliiona kwenye kioo, inanyanyuka taratibu, kama inavyonyanyuka mtu mzima anaposhuka.

Nyayo zikatua kwenye matope.

Moja.

Nyingine.

Zikaja kwa upande wa dereva, bila haraka. Thadeus hakugeuza kichwa. Alitazama mbele, taa zinapigana na ukungu. Alisikia kitambaa kikisuguana na mlango.

Mkono ukatokea dirishani. Mkono wa koti la kaki, lililoingia maji, na vifungo viwili kama alivyozikwa navyo. Kucha zilikuwa na udongo. Kati ya vidole kulikuwa na jani la isale, bichi, limefungwa fundo.

"Kaka..."

Sauti ilikuwa ya Sirili, ila imechoka sana.

"Kaka, pokea."

Na Thadeus akatoa mkono. Hilo lazima lisemwe, kwa sababu baadaye watu walisema mengine. Hakusita hata nukta moja. Aliuondoa mkono wa kulia kwenye usukani, akaugeuza kiganja juu, akautoa nje ya dirisha. Moyo wake wote ulikuwa kwenye kiganja kile. Katika miezi minne hakuwahi kutaka kitu jinsi alivyotaka kufunga vidole vile juu ya jani lile.

Aliona jani likilazwa. Akaviambia vidole: fungeni.

Ukungu ulipita kati yake na mkono wake.

"Nimepokea," alisema. "Nimepokea, mdogo wangu. Nisamehe na wewe. Mpaka nitaurudisha kesho, wazee wakiona. Nimepokea."



Ukungu ukapita. Thadeus akatazama kiganja chake.

Vidole vilikuwa wazi. Vyote vitano, wazi, vimelegea, na katikati hakuna kitu.

Jani lilikuwa chini. Lilikuwa kwenye matope, karibu na gurudumu la mbele, fundo likiwa juu.

"Hata leo, kaka," sauti ilisema. Haikuwa na hasira. Ingekuwa na hasira ingekuwa afadhali.

Mkono wa kaki ukarudi kwenye ukungu. Nyayo hazikusikika tena. Harufu ikakatika yote kwa pamoja, mgrivea, mbege na udongo, kama mtu aliyezima taa.

*

"Shemeji? Ni wewe?"

Ruth alitokea kwenye migomba na taa ya chemli, kanga begani juu ya sweta. Thadeus alikuwa ameshashuka, amesimama kando ya jani bila kuthubutu kuinama. Isale likianguka kati ya anayetoa na anayepokea haliokotwi. Hilo wanalijua hata watoto.

"Ni mimi, shemeji."

"Nimesikia anagonga." Ruth aliongea chini kwa chini. "Nikasema leo amepata lifti. Kila Jumamosi jioni masale ya pale kaburini yanapungua jani moja. Linakatwa, shemeji, halichumwi. Nimekaa nikisubiri siku atakayokufikia." Aliinua taa. "Umepokea?"

"Nilinyoosha mkono."

"Umepokea?"

Thadeus akashusha macho. Ruth akafuata macho yake, akaliona jani. Mkono wake ukaenda mdomoni.

"Yesu na Maria."

"Mkono haushiki, Ruth. Nilitaka. Nakuapia nilitaka, mkono ndio haushiki kitu siku hizi."

"Siku ile ulikuwa unashika."

Ruth akaishusha taa karibu kabisa na ardhi, kama mtu anayetafuta sindano. Aliliangalia lile tope lililozunguka jani, pale alipokuwa amesimama Thadeus. Akaangalia kwa muda mrefu. Kisha akaangalia tope alilosimama yeye mwenyewe. Akarudi nyuma hatua moja, akarudi nyingine.

"Nenda, shemeji," alisema. "Nenda mjini kwa mkeo. Usije hapa jioni."

"Unaangalia nini?"

Aligeuka. Taa ikaingia kwenye migomba, ikawa kitu cha njano, kisha hakuna.

Thadeus akapanda kwenye pikapu. Alikaa. Aligeuza gari kwenye njia ile ya hatua sita, kwa uangalifu asilikanyage jani. Kuna kitu kilikuwa kimepungua ndani ya gari na hakukijua ni nini, mpaka alipofika darajani Marangu Mtoni. Nailoni. Nailoni ya kiti, iliyokuwa ikilia kila alipojisogeza, ilikuwa kimya. Akajisogeza makusudi. Kimya.

Aliteremka hadi Himo na hadi Moshi. Pikapu ilishuka vizuri, au haikushuka vizuri, yeye hakujua. Breki ilishika kila alipoona mguu wake umekanyaga.

*

Msimu wa kahawa ulikuwa umeanza, ndiyo maana saa mbili kasoro Shida alikuwa bado kidirishani, akisubiri malori ya mwisho. Alipoiona pikapu alinyoosha mkono wa salamu.

"Nilidhani umeshaikimbiza Kenya!"

Thadeus aliingia kwenye bamba. Mshale ukatikisika, ukatulia.

Shida akausoma. Akasoma cheti cha jioni. Akausoma tena.

"Tani tatu, mia mbili na arobaini. Umemwaga saruji?"

"Hesabu."

Shida akatoka na tochi, akahesabu mifuko, ishirini. Akagongagonga tangi. "Mafuta uliyochoma hayazidi kilo kumi. Bado sabini." Akakuna kichwa. "Sabini kamili. Mzani wangu haujawahi kunifanyia hivi. Hebu shuka, fundi, niangalie kitu."

Thadeus akashuka, akatoka nje ya bamba. Shida alikuwa akitazama mshale.

Mshale haukusogea.

"Panda tena."

Akapanda kwenye bamba kwa miguu, akasimama kando ya mlango wa gari. Mshale haukusogea.

"Mchezo gani huu?" Shida alicheka kidogo, akitafuta mtu wa kucheka naye. Akapanda yeye mwenyewe kwenye bamba. Mshale ukaruka palepale, kilo hamsini na nane, uzito wake anaoujua. Akashuka. Mshale ukarudi. Akapanda, ukaruka. Akashuka. Hakucheka tena.

Wakasimama, mmoja juu ya bamba na mmoja nje, chini ya balbu moja iliyozungukwa na wadudu. Ndipo Thadeus akaelewa Ruth alikuwa akitazama nini pale matopeni, na kwa nini tope alilosimama yeye halikuwa na alama hata moja ya unyayo.

"Thadeus," Shida alinong'ona. Kwa miaka yote alikuwa akimwita fundi. "Umetoka wapi?"

"Nyumbani."

Shida alirudi kwenye kibanda chake kwa hatua za pembeni, bila kumpa mgongo. Cheti lazima kijazwe, hiyo ndiyo kazi, na mtu aliyeshikwa na woga hushika kazi. Thadeus alimwona kupitia kidirisha akiandika uzito wa gari, akiandika saruji. Kwenye mstari wa dereva, kalamu ilisimama. Ilisimama muda mrefu. Kisha Shida akaandika maneno mawili, akakisukuma cheti nje kwa ncha ya rula, asiguse mkono.

*Hakuna dereva.*

Thadeus akakisoma. Huko mjini Hussein alikuwa anasubiri neno moja, nzima au si nzima, na asubuhi akina mama wa Kilema wangepanda juu ya mikungu kwa kuliamini neno hilo. Monica angekuwa amefunika chakula. Alijua kwamba hapa ndipo mtu hupiga yowe. Akalitafuta yowe kifuani, akatafuta hata hofu ndogo ya kuanzia, hapakuwa na kitu.

Akatia mikono mfukoni, kama kawaida yake. Ikabidi aangalie chini, ahakikishe kama imeingia.